Mvua ya Juu ya Paa Haihitaji Kibali: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kaunti ya Lamu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, wakuu wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na wote wenye dhamana ya kuutunza Mji wa Kale.

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa, nawaandikia kuhusu maji ya mvua. Maji ya mfereji habari zake mnazijua wenyewe, na ya visima yana siku yake. Nazungumzia yale yanayoshuka kutoka mbinguni na kutua juu ya paa la mtu, paa alilolijenga kwa pesa zake. Nani mwenye ruhusa ya kuyakinga?

Hapa Amu, yaani mji wa Lamu, jambo hili halikuwa na ubishi mpaka juzijuzi. Jirani yangu wa mtaa wa Langoni, mama mtu mzima anayelea wajukuu, aliweka tangi jeusi uani na kuunganisha bomba kutoka mlizamuni, pale maji ya paa yanapomwagikia. Akaja kijana na daftari, kutoka ofisi ambayo sitaitaja, akamwambia kuwa maji yote ya nchi hii ni ya serikali na tangi kubwa kama lile lazima liwe na kibali, la sivyo faini. Hazikupita siku nyingi akaja mwingine, wa ofisi nyingine, akasema maji hayana neno, tatizo ni tangi lenyewe: linaonekana kutoka nje na linaharibu sura ya mji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemwachia karatasi. Yule mama akaniuliza, "Sasa mwanangu, nifinike tangi au nifinike vua?" Yaani afunike tangi au mvua.

Sikuwa na jibu la kumpa pale pale, nikaenda kuisoma sheria yenyewe. Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kifungu cha 5, inasema kila rasilimali ya maji imewekwa mikononi mwa serikali ya taifa, iishike kwa amana kwa niaba ya wananchi. Hapo sina ubishi. Lakini sheria hiyo hiyo imefafanua rasilimali ya maji ni kitu gani: ziwa, bwawa, kinamasi, kijito, mkondo, mlango wa mto, maji yaliyo chini ya ardhi, hata maji ya bahari. Paa la nyumba halimo. Kifungu cha 36 kinataka kibali kwa anayetumia maji ya rasilimali hizo, na kifungu cha 37 kinamsamehe hata huyo, maadamu anachota kwa matumizi ya nyumbani bila kujenga mitambo. Ikiwa anayeteka ndoo mtoni hadaiwi kibali, anayekinga tone kabla halijagusa ardhi atadaiwa kwa msingi gani? Isitoshe, sheria hiyo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Kuvuna na Kuhifadhi Maji. Sidhani Bunge lilikusudia kuunda mamlaka nzima ya kuvuna maji, kisha mvunaji mwenyewe ahesabiwe mkosaji. Na Katiba, ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Mwenye hoja ya kisheria iliyo kinyume na hii ailete, lakini ailete kwa maandishi na ataje kifungu.

Kwa watu wa mji huu kuna na upande wa dini. Masheikh wametusomesha kuwa maji, malisho na moto ni vitu ambavyo watu wanashirikiana. Mafakihi wakaeleza kuwa ushirika huo ni wa maji yaliyo mahali pake, mtoni au kisimani. Mtu akishayatia katika chombo chake, yamekuwa mali yake. Sijaona utata hapo.

Nimesikia pia hoja kwamba hata Marekani, nchi tajiri, watu hawaruhusiwi kuvuna mvua. Aliyesema ameshika nusu ya habari. Katika jimbo la Colorado, hadi mwaka 2016, mwenye nyumba wa kawaida aliyeweka pipa chini ya mfereji wa paa alikuwa anavunja sheria. Sababu yake ni kuwa kule maji ya mito yaligawanywa tangu karne ya 19 kwa kanuni ya mtangulizi: aliyeanza kuyatumia ndiye mwenye haki ya kwanza, na waliokuja baadaye hungoja zamu yao. Mvua iliyoanguka juu ya paa ilihesabiwa kuwa iko safarini kuelekea mtoni, na mtoni ina mwenyewe. Ukiikinga, umemkata mkulima wa chini. Hata hivyo utafiti uliofanywa mwaka 2007 katika wilaya moja ya jimbo hilo, Douglas, uligundua kuwa katika mwaka wa kawaida asilimia 97 ya mvua haifiki mtoni kabisa, hunywewa na mimea au hukauka. Mabishano yakaendelea miaka, na mwaka 2016 wakaruhusu mapipa mawili kwa nyumba, yasizidi galoni 110 kwa jumla, yaani kama lita 416, tena kwa kumwagilia bustani tu. Haya ni mambo ya Colorado, na yana mantiki yake kwa watu wanaogombea mito.

Amu hatuna mto. Hatuna hata kijito. Mvua ikipiga mtaa wa Mkomani, maji hushuka kutoka milizamuni hadi vichochoroni, yakakokota kinyesi cha punda na taka za jana, yakakatiza Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kuishia baharini pale mbele ya mji. Hakuna mkulima wa chini anayeyangojea. Mwenye kuyakinga kabla hayajachafuka hamnyang'anyi mtu yeyote, na kwa hakika anaipunguzia kaunti mzigo wa mitaro, kazi ambayo Katiba, katika Jedwali la Nne, imewakabidhi nyinyi.

Hesabu yake ni nyepesi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 10, mvua moja nzuri ya masika ya milimita 20, ni lita 2,000. Toa lita 400 za kuoshea paa na zinazopotea njiani, zinabaki 1,600, yaani mitungi 80 ya lita 20 ambayo hakuna punda aliyeibeba wala mtu aliyeilipia.

Na sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa mlitazame kuliko yote, nalo ni Shela.

Maji matamu ya kisiwa hiki yanatoka kwenye vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunywewa na mchanga, ikakaa chini yake juu ya maji ya bahari, kwa sababu maji matamu ni mepesi, yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji ya ardhini wana kipimo cha jumla: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini ya usawa huo. Kipimo hiki kinafurahisha ukikisoma kwa kujaza. Kisome kwa kupunguza. Ukivuta maji mpaka uso wake ukashuka mita moja, chumvi inapanda kutoka chini kwa kiasi cha mita 40. Mashine haitakwambia. Utaambiwa na ulimi, na siku hiyo umeshachelewa, kwa maana kuirudisha chumvi chini kunataka mvua za miaka.

Wazee wetu walishaliona hili. Vukeni hapo kisiwa cha Manda mwende magofu ya Takwa. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuwa visima vyake viliingia chumvi. Watu wake wakavuka, wakaja Shela. Mpaka leo watu wa Shela huenda Takwa, kwenye kaburi la mnara, kumwomba Mwenyezi Mungu mvua. Wanaomba mvua, halafu mvua ikija wanaambiwa wakaombe kibali! Nasema kwa mzaha, lakini mzaha huu una uchungu ndani yake.

Kila lita inayokingwa Langoni, Mkomani au Wiyoni ni lita isiyovutwa Shela. Nyumba ikioga, ikifua na kusafisha kwa maji ya paa miezi ya masika, visima vya vilimani vinapumzika wakati ule ule vinapojazwa. Mji unakua, bandari imefunguliwa tangu Mei 2021, wageni wanarudi, na vilima ni vile vile. Navyo vyenyewe vinamegwa na wenye hati za ajabu, jambo ambalo limeshapigiwa kelele miaka mingi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wenye nyumba hawatalipenda. Haki ninayoidai si ya kila paa mahali popote. Paa lililojengwa juu ya vilima vya Shela limekaa pahali ambapo mvua ilikuwa ishuke moja kwa moja kwenye hazina ya wote. Anayejenga pale, akasakafu ua wake, akakinga mvua yote kwa ajili ya bwawa la kuogelea, huyo kweli amemkata mtu wa chini, na hoja ya Colorado inamfaa yeye. Asije akajificha nyuma ya barua hii. Dawa yake ni kutojengwa pale kabisa, na hilo liko mikononi mwenu kabla halijafika mikononi mwa mwingine.

Wenzetu wa Lamu Mashariki watashangaa kusikia kuwa tunabishana. Ndau, Kiwayu na vijiji vya kisiwa cha Pate ambako visima ni vya chumvi, watu wameishi kwa jabia tangu enzi. Sakafu pana iliyopigwa vizuri, imezungushiwa ukuta, ina mteremko wa kupeleka maji shimoni, na shimo limefunikwa. Jabia ikijaa, kijiji kina maji ya kunywa. Ikikauka, kama wakati ule wa ukame uliotambaa kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu ya mvua ikipita mitupu mmoja baada ya mwingine, watu wanategemea boti za msaada. Baadaye ikaja vuli ya 2023 na mafuriko, barabara ya kwenda Garsen ikakatika, na maji yote yale yakapita tukiyatazama kwa kukosa pa kuyaweka. Mnipe jibu: hicho kibali kitatakiwa na Ndau pia? Nani atakwenda kuwaambia?

Hoja moja ya wakuu naiheshimu, tena naiheshimu sana. Ni ya afya. Mwaka 2004 chikungunya, homa inayoenezwa na mbu, iliupiga mji huu vibaya. Wachunguzi waliopima damu za watu walikadiria kuwa asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa, watu wapatao 13,500. Wengi wetu tunakumbuka viungo vilivyokataa kunyooka, watu wazima wakitembea wameinama kama wanaotafuta sindano. Kisha ikaenda Komoro na Réunion. Na sababu iliyotajwa inatugusa moja kwa moja: kulikuwa na ukavu, watu walihifadhi maji majumbani bila kuyabadilisha, na mbu wa Aedes akazaliana humo. Kwa hiyo afisa wa afya akiniambia anaogopa matangi, simcheki.

Lakini tazameni kilichozaa mbu ni nini. Ni vyombo vilivyo wazi, mitungi na mapipa ya watu wasio na uhakika wa maji ya kesho. Tangi lililofunikwa, likawekwa wavu mwembamba mahali maji yanapoingia na pale yanapofurikia, halimpi mbu nafasi. Na nyumba zetu za kale zilikuwa na ujuzi wake. Ingieni choo cha nyumba ya Kiamu ambayo haijakarabatiwa na mgeni: mna birika la mawe lililopakwa chokaa, kata ya kuchotea imewekwa ukingoni, na ndani ya maji mna visamaki vidogo. Chini ya birika kumejengewa bakuli la kauri, birika likikauka samaki wabaki na pa kukaa. Samaki wale si pambo. Kazi yao ni kula viluwiluwi vya mbu. Bibi zetu walipiga vita mbu bila semina. Afisa wa afya na apite nyumba kwa nyumba, akague wavu, agawe visamaki, amtoze faini anayefuga mbu. Huo ni usimamizi, na tutampa chai. Kumkataza mtu kukinga mvua kutamrudisha kwenye mtungi ulio wazi, yaani pale pale tulipokuwa 2004.

Usafi wa kunywa pia una utaratibu wake, wala si elimu ngeni: mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, kwa kuwa imebeba vumbi na uchafu wa ndege, mabati yafagiliwe kabla ya msimu, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Paa la makuti halifai kwa maji ya kunywa, maji yake hutoka na rangi ya chai. Hayo yatosha.

Ama kuhusu sura ya mji. Mji wa Kale uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na mimi ni mmoja wa wanaoona fahari kwa hilo. Tangi jeusi la plastiki juu ya dari ya Mkomani ni baya, nakubali bila kusukumwa. Ila urithi wetu haukuwa mji wa watu wenye kiu. Nendeni mkasome kuhusu Bermuda, visiwa visivyo na mto kama sisi, nyumba zake za mawe ya chokaa. Kule sheria inamlazimisha mwenye nyumba kukinga mvua: sehemu nne kwa tano za paa lazima zielekeze maji kwenye tangi, na tangi liko chini ya nyumba. Mapaa yao meupe yaliyopigwa chokaa ndiyo hayo hayo watalii wanayoyapiga picha. Wameifanya mvua kuwa sehemu ya sura ya mji. Sisi tuna chokaa, tuna mafundi, tuna boriti, tuna mabirika tayari. Tunachokosa ni kanuni inayosema fundi afanye nini. Hata Texas, ambako vyama vya wenye nyumba wa mtaa ni vikali kuhusu sura ya nyumba, sheria inasema chama hakiwezi kumkataza mtu pipa la mvua. Kinaweza tu kumpangia umbo lake na namna ya kulisitiri lisionekane kutoka njiani. Ndilo ninaloliomba kwa Mji wa Kale. Mwambieni yule mama alijengee ukuta mfupi tangi lake, au apake rangi ya chokaa, au alizike uani, na mmwonyeshe mchoro. Atafanya. Kwa sasa tangi liko uani limekatwa bomba, kwa hofu ya faini ambayo haikuandikwa popote.

Ninachoomba kwa Bunge la Kaunti ni sheria ndogo ya kurasa chache. Iseme wazi kuwa maji ya mvua yanayokingwa kutoka paa la nyumba, msikiti, shule au duka kwa matumizi ya mwenyewe hayadaiwi kibali wala ada, na kwamba afisa anayedai vinginevyo aonyeshe kifungu na aache karatasi. Iweke masharti ya kifuniko na wavu. Hoteli na nyumba mpya za wageni zisipitishiwe ramani bila kuonyesha tangi lake la mvua, maana hao ndio wanywaji wakubwa wa maji ya Shela na hao ndio wenye uwezo. Mkiwa na fedha za kuanzia, anzieni misikiti: paa ni pana, watu wanatia udhu mara tano kwa siku, na birika la kupokea maji mara nyingi lipo tayari. Na matangi yasiuzwe kwa jina la ruzuku kwa wale wale wanaopata kila ruzuku. Mnanielewa.

Kikao cha kuwashirikisha wananchi mtakapokiitisha, msikifanye Mokowe, kule bara, peke yake saa nne asubuhi kisha mseme watu hawakujitokeza. Kifanyeni Amu, na kingine Faza, kisiwani Pate, siku ambayo maji ya bahari yanaruhusu boti kupita mkondo wa Mkanda. Watu wa jabia wasikilizwe kwao. Nauli ya kuja na kurudi kwa kikao kimoja ni chakula cha nyumba. Na rasimu ibandikwe mapema, kwa Kiswahili, ili tuje tumeshaisoma.

Wabillahi taufiq,
Mwenye nyumba, Langoni, Amu